Jibu Lifunguke Kutoka Chini

Kwa nini jibu lifunguke kutoka chini?

Mama yangu aliniamuru hivyo tukiwa mezani katika nyumba yetu ya Mususa, kompyuta yangu ikiwa kati yetu, na sababu hakunipa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya informatique, elimu ya kompyuta, na nina tabia ambayo shangazi zangu waliita ugonjwa: kuuliza kwa nini. Kwa nini matangazo ya kanisani yawe marefu kuliko mahubiri? Kwa nini mgeni aulizwe habari za safari kabla hajapewa maji, wakati kinywa chake kimekauka? Kwa hiyo mama aliponiambia kwamba jibu lifunguke kutoka chini, nilisimamisha kazi na kumuuliza kwa nini. Akasema, "Ni vile inafungukaka." Kwangu mimi hilo halikuwa jibu.

Lakini nianze mahali pa kuanzia.

Mama ni muuguzi. Alianza kazi Kasugho, kwenye misitu ya Lubero, kabla mimi sijajua kuongea, kisha akahamishiwa upande wa Kalunguta, na huko ndiko nilikokulia. Kuchoma sindano na kupima joto alikujua kama wauguzi wote, ila kazi aliyoipenda ilikuwa kufundisha. Aliwakusanya wakunga wa vijijini, wajitolea wa afya, bibi za watu, wasichana walioolewa jana, akawafundisha namna ya kumlinda mtoto mchanga katika siku zake za kwanza. Kompyuta zilipofika kwenye vituo vya afya, somo lake aliligeuza kuwa diapo, zile kurasa za kuonyesha ukutani ambazo wengine huziita slaidi. Alizitengeneza mwenyewe, kwa kidole kimoja cha kila mkono, na michoro aliomba kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi.

Siku moja alikwenda kufundisha kwenye kituo kilichokuwa na kompyuta ya zamani sana. Alipofungua faili, herufi zikaruka. Maneno yakatoka nje ya ukurasa, na ile alama ya kijani ya jibu la kweli ikatua kwenye jibu la uongo. Mama alirudi amekasirika. Alipita kwa kijana mmoja wa Butembo mwenye sekretarieti, kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, na yule kijana akamwambia maneno ambayo mama aliyarudia nyumbani kwa furaha: "Mama, tuiweke mu PDF. PDF haihamake."

PDF haihami. Kwa watu wa kwetu, hiyo ni sifa kubwa. Mama aliwatumia PDF wenzake wote kwa simu, nayo kweli haikuhama. Sisi ndio tuliohama. Usalama ulipoharibika upande wa Kalunguta tuliondoka na vile vilivyoweza kubebwa, tukaja Mususa, ndani ya mji wa Butembo, kwa ndugu za baba. Kompyuta ya mama ilibaki kwenye kabati. Baba aliporudi baadaye kuangalia nyumba, kabati lilikuwepo ila kompyuta haikuwemo. Katika kazi yote ya mama kilichosalia kilikuwa ile PDF ndani ya simu yake.

Butembo mama alipata zamu katika kituo kidogo. Alipima joto, akachoma sindano, akarudi nyumbani kimya. Mama aliyekuwa akirudi kutoka vijijini na hadithi za kutuchekesha mpaka chakula kinapoa, sasa alivua viatu, akakaa, akauliza kama maji yamekuja. Kisha zikaja habari: kulikuwa na mradi uliotafuta mwalimu mmoja wa kuzunguka Beni na vijiji vya Kalunguta, kufundisha wajitolea. Kila aliyeomba angetoa somo moja Beni, mbele ya timu ya mradi na mbele ya wajitolea wenyewe. Mama aliomba. Faili walitaka litumwe mapema, akawatumia PDF.

"Nisipopata hii," alimwambia baba, "hii somo naifunga. Nitakuwa mama ya sindano mpaka kustaafu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akikunja kitambaa cha meza. Mimi sikuuliza kwa nini. Mara hiyo nilijua.

Kwa mazoezi, mama alialika majirani. Tuliazima projekta kwa vijana wa parokia, tukatundika shuka jeupe sebuleni, wanawake wakajaa kwenye viti, kwenye mikeka, na wawili wakasimama mlangoni kwa kuwa walikuwa na sufuria jikoni. Mama alisimama kando ya shuka akiwa na fimbo yake ya kuonyeshea. Nilifungua PDF kwenye ukurasa wa kwanza wa somo. Juu kulikuwa na swali. Chini yake michoro mitatu: mtoto anaogeshwa maji ya moto, mtoto amewekwa kando ya mbabula, jiko la makaa, mtoto amelala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Miwili ilikuwa na alama nyekundu ya hapana, na wa tatu una alama ya kijani.

"Mutoto muchanga amepoa," alisema mama. "Tunafanya nini kwanza?"

"Tunamuweka ku kifua ya mama," alijibu jirani yetu muuza makaa, haraka kama mtoto wa shule anayetaka kutoka nje.

"Umejua namna gani?"

"Mais mama, iko imeandikwa pale! Na tena banaweka na alama ya vert."

Watu wakacheka. Mama akamgeukia.

"Na weye, ku nyumba yako, mutoto akipoa unafanyaka nini?"

"Ah, ku nyumba!" alisema muuza makaa. "Ku nyumba ninamuwekaka pembeni ya mbabula. Niko na makaa ya kutosha, mi."

Sebule nzima ilivunjika kwa kicheko. Mmoja wa mlangoni akasema, "Huyu analisha batoto na moshi!" Mwingine akasema muuza makaa hana budi kuonja mali yake. Mimi pia nilicheka. Mama hakucheka. Alitazama ule ukurasa ukutani kama mtu anayetazama mtoto wake akimjibu mgeni vibaya, akaniambia nizime projekta.

Baada ya watu kuondoka nilimwambia sioni tatizo. "Kila kitu kiko pale, mama. Swali liko, picha ziko, jibu liko."

"Kila kitu iko pale," alisema. "Njo hiyo shida."

Alinieleza huku akikunja shuka. Zamani, kwenye faili lake, swali lilikuja peke yake. Aliuliza, kisha akangoja. Wanawake walisema wanayoyafanya nyumbani, wakabishana, wakatukanana kidogo, ndipo alipobofya na michoro ikatokea mmoja baada ya mwingine, na jibu mwishoni. Kijana wa sekretarieti alipoliweka somo kwenye PDF, vyote vilibanwa kwenye ukurasa mmoja, swali na jibu kwa pamoja. Mama alifundisha nalo hivyo mara chache kabla ya kuhama, akidhani ni wanawake waliobadilika.

"Mutu hawezi acha wazo yenye hajatoa ku kinywa," alisema. "Ukimuonyesha jibu mbele, anakurudishia jibu yako, anaenda na yake."

Nilitaka kumbishia. Nilitaka kusema kwamba mtu mzima akisoma jambo la kweli ataliamini, maana ndivyo nilivyofundishwa chuoni, walau ndivyo walimu wangu walivyotenda kwa miaka yote ile ya kutusomea kurasa. Lakini muuza makaa alikuwa amenionyesha kinyume mbele ya macho yangu. Mimi hubishana na wakubwa, sibishani na ushahidi.

"Nitairudisha," nilisema. "Nitaifanya diapo tena."

"Itawezekana?"

"Kwa nini isiwezekane?"

Kesho yake nilimwendea yule kijana wa sekretarieti, maana yeye ndiye aliyeufunga mlango. Alinipokea kwa furaha, akachukua faili, akaniambia nikae. Hata soda yangu sikuwa nimeimaliza alipogeuza kioo cha kompyuta upande wangu.

"Voilà. Diapo."

Nilibofya kwenye swali. Mshale wa kuandikia haukutokea. Nikabofya kwenye picha ya mtoto, ukashikika ukurasa mzima.

"Hii ni photo," nilisema.

"Photo, mais iko ndani ya diapo."

"Ukiweka kuku mu gari, atakuwa dereva?"

Alicheka mpaka wateja wake wakageuka. "Batu ba université!" alisema. "Munasumbuaka batu. Mama yako mbele hakulalamika."

Nilirudi nyumbani nikakaa na programu nyingine, kisha nyingine. Moja hatimaye ilinipa maneno yanayoandikika, nami nikaruka kwa furaha, kisha nikaangalia vizuri. Kila mstari ulikuwa kisanduku chake peke yake. Sentensi iliyokuwa moja ilikatika mahali ukurasa ulipokatika, "ngozi kwa" huku na "ngozi" kule. Jedwali la dalili za hatari lilikuwa mistari tu iliyolala juu ya mistari. Nilibofya mtoto kwenye kifua cha mama yake nimsogeze kidogo, akatoka mikononi mwa mama, akaning'inia pembeni ya ukurasa peke yake. Mama yangu, aliyekuwa nyuma yangu, alisema, "Eh! Mutoto!" kama vile kweli ameanguka.

Hapo ndipo nilipoelewa ninashindana na nini. PDF haijui swali ni nini. Haijui jibu. Inajua tu kila herufi ilisimama wapi. Ni kama picha ya arusi mikononi mwa mtu asiyewafahamu: anaona nani alisimama karibu na nani, lakini hajui shangazi ni yupi na jirani ni yupi, wala nani alifika kwanza. Hakuna programu ambayo ingeweza kunirudishia kitu ambacho PDF yenyewe haikukihifadhi. Mpangilio wa kutokea, kipi kwanza, kipi halafu, wapi pa kungoja, haukuwemo ndani. Ulikuwa ndani ya mama.

Basi nikaacha kutafuta mashine ya kunifanyia. Nilichukua yale mabaki kama mtu anayebomoa nyumba kwa uangalifu ili matofali yasivunjike. Niliandaa kwanza ukurasa wa msingi ambao kurasa zote zingeufuata, ili rangi na mahali pa kichwa vikae sawa bila kubahatisha. Niliunganisha mistari ikawa sentensi. Niliandika upya jedwali lote. Nilikusanya vipande vya kila mchoro nikavifunga pamoja, mtoto na mama yake, ili asianguke tena. Nilichagua herufi zile za kawaida ambazo kila kompyuta inazo, hata ya kituo cha afya cha zamani kabisa, maana sikutaka alama ya kijani itue tena kwenye uongo.

Nilifanya kazi hiyo mchana, umeme ulipokuwepo, na mama akikaa kando yangu baada ya zamu akichambua maharage. Katika kila ukurasa nilimuuliza, "Hapa nini kinakuja kwanza?" Naye hakunijibu kama mtu anayesoma orodha. Alinifundisha. Aliuliza swali, akanitazama, akangoja nijibu, mimi mwenye shahada, ambaye sikujua kwamba mtoto mchanga haogeshwi mara tu anapozaliwa. Nilipokosea hakusema nimekosea. Alisema, "Bon. Na mwingine anasema nini?" ingawa mwingine hakuwepo. Kwenye ukurasa mmoja alisahau kabisa mpangilio. Akaweka maharage chini, akasimama mbele ya viti vitupu, akaanza somo kwa sauti, mkono ukionyesha ukuta, na alipofika pale mkono wenyewe ukaenda mahali. "Ile ya kunyonya," alisema. "Njo inakuja mbele."

Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu tangu nizaliwe na sikuwa nimewahi kuhudhuria somo lake hata moja. Nilijua kwamba anafundisha. Sikujua kwamba anafundisha hivi.

Kisha tukafika kwenye namna ya kutokea. Programu ina namna nyingi za kuleta kitu kwenye ukurasa: kinaweza kuruka, kuzunguka, kuanguka kama embe. Mimi nilichagua ile ya kufagia, jibu linafunuliwa taratibu kama mtu anafagia vumbi juu yake, nikaiweka itoke kushoto kwenda kulia.

"Hapana," alisema mama. "Kutoka chini."

"Watu wanasoma kutoka kushoto, mama."

"Kutoka chini, mutoto yangu. Na polepole."

"Kwa nini?"

"Ni vile inafungukaka."

Nilichunguza, na nikapata nilichodhani ni jibu. Programu yenyewe, usipoigusa, huanza kufagia kutoka chini. Ndivyo ilivyotengenezwa. Nilimgeukia mama na ushindi wangu.

"Nimejua. Ni mashine iliyokuzoesha. Yenyewe inaanzia chini, wewe hukuibadilisha, ukadhani ndiyo njia."

Mama aliacha maharage. "Mashine?" alisema. "Mashine njo ilinizoesha mi?"

Alicheka kidogo, kicheko cha puani, akarudi kwenye maharage yake. "Sawa. Andika vile unataka. Mais ifunguke kutoka chini."

Niliweka kutoka chini. Kile kicheko kilinisumbua kama jiwe ndani ya kiatu, kwa sababu maelezo yangu yalikuwa mazuri na bado hayakumtosha.

Siku ya somo tulifika Beni mapema. Ukumbi ulikuwa wa parokia, wajitolea wamekaa tayari, wengine kutoka mitaa ya mjini, wengine wameshuka kutoka Kalunguta na bado wana vumbi kwenye mikunjo ya vitenge. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya ukumbi. Ilikuwa ya zamani, kama nilivyoogopa. Nilifungua faili letu. Hakuna herufi iliyoruka. Nilipitia kurasa zote, kila kisanduku kilikuwa mahali pake, nami nikasimama pale mbele ya mashine ile chakavu nikijiona kama fundi aliyefunga paa na mvua ikaja.

Kabla ya mama alifundisha kijana mmoja mwenye tai. Nisiseme uongo, alifundisha vizuri. Alisema kwa mpangilio, kurasa zake zilikuwa nzuri, na watu waliandika walichokiona. Alimaliza kabla ya muda wake, akapigiwa makofi.

Mama alisimama. Nilikaa kwenye kompyuta. Swali likatokea ukutani, peke yake, na chini yake weupe mtupu.

"Mutoto muchanga amepoa. Tunafanya nini kwanza?"

Watu walikuwa na kalamu mikononi wakingoja kitu cha kuandika, na ukuta haukuwapa. Mkuu wa timu, bwana mmoja mwenye miwani, alivumilia kidogo kisha akainamia mbele.

"Maman, tunaweza endelea?"

"Bado, papa," alisema mama.

Nilitamani kubofya. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilifikiria zile jioni za kimya, viatu mlangoni, swali la maji. Kisha sauti moja ikatoka katikati: "Tunamuogesha na maji ya moto." Mwingine: "Hapana, maji itamumaliza! Tunamufunga blanketi." Halafu mama mmoja mwenye mwili, wa upande wa Kalunguta, akasimama kabisa.

"Mi nilizaa sana," alisema. "Bote nilibaweka pembeni ya mbabula, na biko bazima!"

"Njo maana banakohoaka!" alimrukia jirani yake. "Ku misa hatusikiake padri juu ya batoto yako!"

Ukumbi ukalipuka. Watu waligeukiana, wakabishana, kalamu zikawekwa chini. Mama aliwaacha. Hakusema nani yuko sawa. Mabishano yalipoanza kuchoka, alinitazama, akaitikia kwa kichwa.

Nilibofya. Ile ya maji na mbabula ilipotokea, mchoro wa tatu ukaanza kufunuka kutoka chini, polepole.

Kwanza zilitokea nyayo za mtu. "Miguu!" alisema mtu. Kisha magoti na kitenge. "Ni mwanamuke." "Amekaa." Shingo zilinyooka. Kisha vikatokea vinyayo viwili vidogo sana, vimekunjwa juu ya tumbo la yule mwanamke, na wanawake wa mbele wakapiga kelele kabla uso haujaonekana, kabla ya kifua kumalizika: "Iko naye! Iko ku kifua!" Yule wa mbabula alikuwa bado amesimama. Aliweka mkono kifuani kwake mwenyewe, kama anayejaribu kukumbuka uzito.

"Ah," alisema. "Ngozi na ngozi. Joto yangu mwenyewe."

Mama hakuwa ametamka jibu. Walilitamka wao.

Na hapo, nikidhani tumeshinda, kijana mmoja mwendesha pikipiki aliyejitolea na wajitolea wengine aliinua mkono kutoka nyuma. "Na kama mama iko mugonjwa? Bamemupasua, iko bado ku hôpital, hana nguvu?"

Hilo halikuwa kwenye ukurasa wowote. Nilimwona mkuu wa timu akishika kidevu. Mama alilirudisha swali ukumbini kama mpira.

"Kama mama hawezi?"

"Bibi yake," alisema mmoja.

"Baba yake," alisema msichana mmoja, na watu wakacheka.

"Baba iko na maziwa?" aliuliza yule wa mbabula.

"Hatuulize maziwa, tunauliza joto!" alijibu msichana. "Baba hana joto? Mbona usiku munamutafutaka?"

Hata mkuu wa timu alicheka. Mama alingoja kicheko kiishe, akanigeukia.

"Andika."

Nilitoka kwenye maonyesho, nikafungua ukurasa, na mbele ya watu wote nikaandika chini ya mchoro: *Kama mama hawezi: kifua cha baba, kifua cha bibi.* Herufi zilitokea ukutani moja moja, na wale waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Mwendesha pikipiki akapaza sauti, "Weka na baba mudogo!" Nikaandika na baba mdogo. Walipiga makofi kwa sababu ya neno lao, na mimi nikajifanya ninatafuta kitu chini ya meza.

Mkuu wa timu alivua miwani. "Maman, faili yenye ulitutumia ilikuwa PDF. PDF hatuandikake ndani."

"Ilikuwa PDF," alisema mama. "Mutoto yangu aliirudisha."

Nimepewa shahada mbele ya watu wenye majoho. Nimesomwa jina kwenye redio ya chuo. Sijawahi kusimama mrefu kama nilivyosimama kwa neno hilo, ingawa nilikuwa nimekaa.

Watu wa mradi walimpigia simu wiki iliyofuata: kazi ni yake. Mama alisikiliza, akasema "Wasingya", asante ya Kinande, mara nyingi, akakata simu, akaenda jikoni. Baba alimfuata akamkuta ameegemea ukuta. Tangu hapo vicheko vyake vilirudi nyumbani kabla yake, kwenye simu, akiwa bado barabarani. Alipokuja kila mwisho wa ziara alinikabidhi faili kama mtu anayeleta nguo za kushona: hapa waliongeza hili, huku walisema mchoro huu haueleweki, kule wanataka neno la Kinande. Nami nilirekebisha. Somo lililokuwa limegandishwa lisihame lilianza tena kutembea, kijiji kwa kijiji, na kila kijiji kiliacha ndani yake maneno yake. Wauguzi wengine walianza kuniletea PDF zao. Mimi huwauliza kwanza swali moja: nani anakumbuka mpangilio? Asipokuwepo anayekumbuka, nawaambia ukweli, kwamba nitawapa ukurasa, ila somo sina.

Suala la kutoka chini nililiacha. Nililiweka katika kurasa zote za watu wote, kwa mazoea, na nikiulizwa sababu nilisema, "Ni vile inafungukaka," nikajisikia aibu kidogo.

Miaka ilipita. Kazi ikanipeleka Kasugho, kufunga kompyuta katika kituo cha afya. Wakati wa chakula, mama mmoja aliyekuwa mkunga wa pale zamani, sasa amestaafu na amekuja kupimwa presha, alimuuliza muuguzi mimi ni mtoto wa nani. Alipoambiwa, alinishika mkono akanigeuza kuelekea mwangani.

"Njo weye?" alisema. "Wa kitenge?"

Nilimuuliza kitenge gani, naye akashangaa kwamba sijui. Enzi hizo, alisema, hapakuwa na mashine wala umeme. Mama yangu alichora majibu kwa makaa upande wa ndani wa mifuko ya karatasi ya saruji, akaipigilia ukutani, kisha juu yake akatundika kitenge, pembe mbili za juu kwenye misumari miwili. Aliuliza, wakabishana, halafu akakiinua.

"Kwa nini hakukivuta pembeni?" niliuliza, maana ugonjwa wangu haujapona.

Yule mama alinitazama kama vile mimi ndiye niliyeumwa presha.

Kitenge kile, alisema, kilikuwa mbeleko yangu, na mama hakuwa na nyingine. Kila kilipotundikwa ukutani, mimi sikuwa na pa kulala isipokuwa kifuani kwake, na kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa umenishika, alikiinua kwa ule uliobaki, polepole ili nisiamke, kutoka chini.